Picha ya Baba Mkwe Iliyotoka Bila Baba Mkwe

Leo nimejiaibisha mbele ya baba mkwe, mchana kweupe, tena kwa hotuba.

Mnaijua ile kamera yangu ya zamani, ya filamu nyeusi na nyeupe. Jumapili iliyopita nilipanda nayo milimani Rurambo kwa baba yake Riziki, mchumba wangu. Mzee ni mfugaji, na picha za simu hazitambui. Aliniambia wazi: “Muntu anayetaka binti yangu, nione kwanza kazi ya mikono yake.” Akavaa koti, akasimama kando ya dume lake la ng'ombe bila kupepesa jicho kwa saa tatu (sawa, dakika kumi). Picha ikitoka vizuri, siku ya ndoa inapangwa.

Leo ameshuka kwetu Rugenge kuiona. Nikaamua kuisafisha uani, mbele ya ukoo mzima, wajue kwamba shule ya jioni ya upigaji picha sikwenda kulala.

Filamu nilikuwa nimeshaiingiza gizani ndani ya kitangi cheusi. Nikatoa chupa ya revelateri, ile dawa ya kwanza inayoitoa picha. Chupa ya lita, imebaki nusu, na dawa imegeuka rangi ya chai kavu.

Riziki akaninong'oneza: “Hii ulichanganya mwaka jana. Chovya kwanza kale kakipande ulikata ku filamu, kale kalishaona mwangaza. Kakikuwa keusi, dawa iko muzima. Weye mwenyewe ulinifundisha.”

“Riziki, chai ikikolea ndiyo chai,” nikasema kwa sauti, wageni wasikie. (Huu mdomo sijui niliurithi kwa nani.)

Nikamimina. Nikatikisa dakika kumi huku nikieleza kemia, nyingine nikiitunga papo hapo. Nikamwaga, nikatia dawa ya pili, ile ya kuishikiza picha, nikasuuza. Nikafungua kitangi, nikavuta filamu.

Tupu. Si kijivu, si hafifu. Kioo cha dirisha, mwanzo hadi mwisho. Hata zile namba za pembeni, za kiwandani, hazikutoka.

Mzee akaichukua, akaiinua, akanitazama kupitia humo.

“Weye nakuona muzuri sana,” akasema. “Minye ndo siko.”

Shangazi yake Riziki alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mzee hakucheka. Akaokota chupa.

“Nusu ilikuwa dawa. Nusu ingine ilikuwa na nini?”

“Hewa, papa,” nikamjibu baba mkwe.

“Miezi yote hii?”

“Ndiyo, papa.”

“Basi hewa imekula dawa yako. Minye sikusoma, lakini hata samli siiachii nafasi mu chombo.”

(Na kitabu changu kinasema vivyo hivyo: chupa ikijaa pomoni, dawa ya aina hii hukaa nusu mwaka; ikibaki nusu, miezi miwili ni bahati. Swali hilo nililijibu kwenye mtihani. Nilipata.)

Nikajikaza kiume. “Na ile siku ya ndoa, papa?”

“Iko mule mu picha,” akajibu, akanirudishia filamu. “Dume liko. Minye niko. Panda.”

Riziki akaniangalia kwa jicho lile la kusema usipopanda, nitakupandisha mimi.

Kesho nachanganya dawa mpya, naigawa kwenye vichupa vidogo, kila kimoja kinajaa hadi mdomoni. Kakipande nitakachovya mbele ya mzee mwenyewe. Jumamosi alfajiri niko njiani, hata mvua inyeshe mawe.

Wenye kucheka wacheke leo, maana Jumapili nitawatumia tarehe ya ndoa.