Kumchafua Bibi Afya

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo nimesema uongo. Mdogo tu. Tulikuwa tunaanika nguo na jirani yangu, Mama Pacha, akaanza: wanawe wamekuwa viranja wa darasa, wote wawili, mmoja wa asubuhi, mmoja wa mchana. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia binti yangu atatokea kwenye televisheni Jumamosi, kwenye Chafuka Ucheke. Kibanio kikamdondoka mkononi. Raha hiyo sijaipata tangu nijifungue.

Chafuka Ucheke ni kile kipindi cha watoto. Watangazaji wake, Mrefu na Kibonge, wanapakana keki za povu usoni, watoto wanatengeneza vitu kwa maboksi, mwisho wanatumbukizwa kwenye beseni kubwa la wanga wa kijani wasake mipira.

Shida ni kwamba hajachaguliwa. Shida ya pili ni mtoto mwenyewe. Ana miaka sita na anaosha sabuni kabla ya kuitumia. Baba yake humwita Bibi Afya. Shuleni wenzake hawamwiti kucheza, kwa sababu kabla ya kukaa hufuta sakafu, halafu huwafuta na wao. Mapumziko hukaa peke yake na leso yake. Hilo ndilo linaloniuma hasa, Mama Pacha ni nyongeza. Wakimwona kwenye televisheni kachafuka na anacheka, watamwita. Hesabu yangu ndiyo hiyo.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda kwenye kituo cha televisheni. Mlinzi wa getini kasema nafasi imebaki moja, watoto wanachujwa Alhamisi, na kila mmoja aje na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Kanipa fomu. Swali la nne: je, mtoto anapenda kuchafuka? Nimeandika: sana, huwa tunamshika watu wawili.

Jumatano, tarehe 5

Mazoezi. Nimepika wanga, nikatia rangi ya kijani, nikamwaga kwenye beseni la kufulia. Nikamwomba aingize mguu. Akauliza kama beseni limeoshwa. Akaingiza kidole kimoja, akaenda kunawa mpaka kwenye kiwiko. Nikaona nimwonyeshe utamu wake, nikazamisha uso wote na kucheka humohumo. Usijaribu kucheka ndani ya wanga. Mwanangu kaniletea taulo, kaniambia pole mama, itaisha.

Baba yake karudi kutoka kwenye kuchomelea mageti, kanikuta wa kijani. Kauliza kama ni ugonjwa au ni mimi tu.

Gundi hataki, inanata. Basi twiga wa boksi nimemtengeneza mwenyewe. Katoka kama kiti chenye huzuni.

Alhamisi, tarehe 6

Mchujo. Walikuwepo watoto kama thelathini, wote na makamasi, wote wamejiandaa. Wangu kavaa soksi nyeupe. Kibonge akamuuliza twiga kamtengeneza nani. Njiani tulikuwa tumekubaliana jibu, mara tatu. Akajibu: "Mama. Mimi nilifagia."

Nikatamani sakafu ipasuke. Lakini bibi mmoja, msimamizi wa kipindi, mwenye vidude vya kusikilizia kichwani, alicheka mpaka akashika ukuta. Kasema huyuhuyu, Jumamosi saa nne, moja kwa moja hewani. Bibi Afya kakubali kwenda. Anataka kuona wanavyosafisha.

Jumamosi, tarehe 8

Mtaa mzima ulijazana kwa Mama Pacha kutazama. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la studio.

Zamu ya binti yangu ikafika. Akasimama pembeni ya beseni, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mrefu akambembeleza. Akamuuliza Mrefu haya maji yamebadilishwa lini. Akamshauri anawe. Kibonge akaanza kuangalia saa, na nikajua wanataka kumtoa.

Nikapanga hivi: nitambae chinichini nyuma ya beseni, nimnong'oneze kwamba mipira imepotea na inahitaji kupangwa. Mpango safi kabisa. Ila sikuiona ndoo ya deki. Mguu ukaingia, haukutoka. Nikashika meza ya keki ili nisianguke. Meza nayo ikaja. Nikaingia kwenye wanga kwa kichwa, na keki kumi na mbili zikanifuata.

Nilipoibuka nilikuwa sioni. Nikasikia mtu anaita mama. Kisha nikasikia chubwi.

Alikuwa ameingia. Na soksi zake nyeupe. Amekuja kuniopoa, akanivuta mkono, akateleza, akakaa chini, kijani mpaka kifuani. Nikangoja kilio. Akajitazama mkono mmoja, akautazama na wa pili, akanitazama mimi. Akacheka. Kicheko kirefu chenye kwikwi ndani. Mwanangu ana kicheko cha kwikwi, nami sikujua.

Mipira aliipata yote saba. Aliipanga kwa rangi.

Jumapili, tarehe 9

Tangu asubuhi watoto wamejaa uani. Pacha walifika wa kwanza, wanamtafuta yule mama aliyezama. Bibi Afya kawapanga mstari: wanaosha miguu, wanaruka kwenye tope, wanarudi kwenye mstari. Kila dakika naisikia sauti ya mmoja wao inamwita aje. Nimekaa kizingitini nikilia kidogo. Nimemwambia Mama Pacha ni sabuni.

Nimeapa, uongo basi. Nimepona kwa bahati tu.

Saa kumi jioni kapiga simu yule bibi msimamizi. Wiki ijayo kuna mbio za kina mama kwa baiskeli, trei ya keki kichwani, wanapita kwenye ubao mwembamba juu ya wanga. Kauliza kama najua kuendesha. Nikamjibu tangu utotoni. Mama Pacha alikuwa anasikiliza, ikabidi niongeze kwamba niliwahi kuwa bingwa.

Baiskeli sijawahi hata kuishika. Muuza maziwa ataniazima yake kesho. Nitajifunza kupanda Jumatatu, kukata kona Jumatano. Kusimama nitajifunza hukohuko, hewani.