Hakuna Tukio Lisilo na Mimi

Jumatatu, 3 Juni

Nimeula! Kuanzia leo mimi ni mtu wa filamu. Shemeji, kaka yake mke wangu, anatengeneza filamu yake ya kwanza, bila kampuni wala mfadhili, na katika mji huu wote amenichagua mimi nishike ubao. Kipaji kimeonekana. Kwamba filamu nzima inapigwa nyumbani kwetu, ghorofa ya pili, kuanzia sebuleni hadi chumbani, hilo ni jambo la pembeni tu.

Ubao wenyewe ni mdogo, mweusi, na una mdomo kwa juu. Kamera ikishawashwa, nasimama mbele yake uso kwa uso, natangaza namba ya tukio, nafunga ule mdomo. Pa! Ndipo wengine wanaruhusiwa kuanza. Stelingi mwenyewe, mtu aliyewahi kuonekana kwenye tangazo la sabuni, anakaa kimya kunisubiri mimi!

Fundi sauti hanipendi. Yeye anashika fimbo ndefu yenye maiki ya manyoya, na amekatazwa kabisa kuonekana kwenye picha. Maskini ya Mungu. Ameniambia nipige ubao nitoke haraka. Gere hizo.

Nimemwambia mke wangu ukweli mtupu: hakuna tukio lisilo na mimi. Kampigia baba yake simu papo hapo.

Jumanne, 4 Juni

Baba mkwe kapiga simu asubuhi. Lazima nieleze. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, na siku ya harusi yetu alishika kipaza sauti akasema bwana harusi ni kijana mzuri, ila ni mtu wa kusimama nyuma ya watu. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Kauliza kama ni kweli, kila tukio? Kila tukio, baba.  Kisha akasema filamu ikitoka atakuja kukaa mstari wa mbele, yeye na ukoo mzima, ajionee kwa macho yake.  Sasa atajua aliyemuoa binti yake ni nani!

Nikajiandaa ipasavyo. Nimenyoa. Nimevaa koti jekundu alilonishonea mke wangu kwa kitambaa kilichobaki alipokuwa akivisha kochi letu. Na namba ya tukio nimeitangaza kwa hisia: nikavuta pumzi, nikatazama mbali, nikashusha sauti kwenye neno "nne". Stelingi akasahau maneno yake yote. Nguvu ya sanaa hiyo.

Shemeji kaniuliza naenda harusi gani. Mpiga kamera kalalamika kwamba nikisimama karibu na kochi kinabaki kichwa tu, kinaelea. Nimemsamehe. Si kila mtu anaelewa mavazi.

Jumatano, 5 Juni

Siku nyeusi.

Wakati wa chakula fundi sauti kasema, mdomo umejaa, kwamba nijue tu vipande vyangu vyote vinakatwa. Nikacheka. Akacheka pia, na kicheko chake sikukipenda.

Nikaenda kwa dada mhariri, ambaye ameweka kompyuta yake jikoni kwetu, juu ya friji. Nikamuuliza kama mtu anayeulizia jambo la rafiki yake. Dada huyu ni mpole sana. Kanieleza kwamba ubao ni wa kumsaidia yeye kulinganisha picha na sauti, basi. Kisha akanionyesha. Mimi huyo, nimesimama, nimependeza, pa! Akabonyeza kitufe. Nikatoweka. Nikamwomba arudie, pengine kitufe ni kibovu. Nikatoweka tena.

Filamu nzima sipo. Hata ukucha.

Nilitaka kumwambia mke wangu. Nikamkuta anaongea na dada yake kwenye simu, anasema mume wake ndiye anayefungua kila tukio, sauti imejaa raha. Sijamsikia akinitaja hivyo tangu tuoane. Nikajikaza kisabuni, nikatoka kwenda kunywa maji.

Uamuzi: nitaingia kwenye filamu hii. Kwa mlango au kwa dirisha.

Alhamisi, 6 Juni

Kwa dirisha.

Filamu inahusu kijana anayerudi kuhamisha vitu vya baba yake aliyefariki. Leo lilikuwa tukio la sebuleni: stelingi anakaa kwenye kochi, anasoma barua, nyuma yake dirisha. Nikajiambia, nje ya dirisha mpita njia anaruhusiwa. Nikapiga ubao, nikatoka kiungwana, nikapita.

Shemeji kasimamisha kamera. Kauliza mpita njia anapitaje dirishani ghorofa ya pili.

Nilikuwa nimelifikiria hilo. Nilimwonyesha brashi: mimi ni mpaka rangi! Nimesimama kwenye ukingo wa ukuta, napaka rangi, sina hili wala lile. Shemeji kashika kichwa kwa mikono miwili. Fundi sauti kasema kwenye maiki kunasikika mtu anahema kama mbuzi. Nikataka kumjibu, nikageuka vibaya, nikajikuta nimekumbatia bomba la maji machafu, na sikuliachia mpaka jirani wa chini alipoleta ngazi. Alikuwa anacheka hadi ngazi inatikisika.

Shemeji kanikalisha chini. Kasema ananiheshimu kama mume wa dada yake, ila nikionekana tena kwenye picha atampa ubao fundi sauti. Fundi sauti! Nikaapa sitaonekana. Vidole vya miguu nilivikunja ndani ya viatu, ili kiapo kisihesabike.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya mwisho ya kupiga picha, na tukio kubwa kuliko yote. Chumbani kwetu, mbele ya kabati letu. Kijana anatoa koti la marehemu baba yake kabatini, analikunja, analia.

Tatizo: stelingi hawezi kulia. Asubuhi nzima macho makavu. Wakamletea vitunguu, akapiga chafya. Wakamkumbusha mambo ya huzuni, akasema utoto wake ulikuwa mzuri sana.

Mimi nilikuwa na mambo yangu. Mlango wa kabati letu una kioo kirefu. Nikiufungua kidogo tu, kwa upana wa kiganja, mtu aliyesimama kwenye kona ya pazia anaonekana kioo kizima. Nimelala chumba hiki miaka yote, nakijua. Walipokwenda kunywa chai, nikausogeza. Kwamba koti langu jekundu lilikuwa limepigwa pasi ni bahati tu.

Nikapiga ubao. Nikarudi konani. Nikapanga uso: kidevu juu, jicho kali, tabasamu la mbali. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi bafuni.

Stelingi akashika lile koti. Akaliuliza, polepole, "Baba, ulikuwa unaniona kweli?"

Ni maneno ya kwenye karatasi. Nimeyasikia asubuhi nzima. Lakini safari hii yaliniingia. Nikamwona akilini baba mkwe mstari wa mbele, amekunja mikono, ananitafuta kwenye filamu nzima, hanioni. Tabasamu likafutika. Nikaanza kulia. Sijui kwa nini. Najua sana kwa nini. Nilikumbatia ubao nikalia kama mtoto aliyesahaulika sokoni, nikijaribu kuzuia sauti, na kwikwi moja ikaniponyoka.

Na stelingi akalia! Machozi ya kweli, mpaka kwenye kola. Shemeji kasema hiyo ndiyo, wote wakapiga makofi. Hakuna aliyetazama kioo. Nikawaambia macho yangu ni vumbi la kabati.

Jumatatu, 8 Julai

Nimeitwa nyumbani kwa shemeji. Uso umemvimba. Dada mhariri kanifungulia kompyuta.

Niko kioo kizima. Mwekundu. Nimekumbatia ubao, kamasi linatiririka.

Shemeji kasema nimemharibia filamu aliyoiota tangu akiwa shule. Alikuwa karibu kulia, na nikaona aibu, kwa kweli. Kurudia haiwezekani: stelingi amesafiri na amenyoa kipara kwa kazi nyingine. Na hiyo ndiyo picha pekee aliyolia.

Hapo fundi sauti, aliyekuwa amekaa kando ya dada mhariri, akavua visikizio vyake. Nikajua nimekwisha. Akasema wasikilize vizuri: kwikwi ya kwanza si ya stelingi. Stelingi kaanza kulia baada ya kuisikia. Tukiiondoa, kilio chake hakina mwanzo. Kasema hivyo bila kunitazama, kama mtu anayetema kidonge kichungu.

Dada mhariri naye kasema, kwa upole wake, kwamba mtu asiyejua atadhani yule kwenye kioo ni marehemu baba. Amekuja kumtazama mwanawe. Ubao umefichwa na mikono, unafanana na kitabu.

Shemeji akatazama tena. Na tena. Kisha akasema nitoke nyumbani kwake, na picha ibaki.

Jumamosi, 24 Agosti

Onyesho la kwanza! Ukumbi wa shule, shuka jeupe ukutani, viti vya kukodi. Baba mkwe mstari wa mbele, suti ya kijivu, ukoo mzima nyuma yake. Mimi pembeni yake. 

Tukio la kwanza, sipo. La pili, sipo. Kila likianza ananigeukia. Nikajifanya nafuta viatu. Mke wangu akanishika mkono, na kwa jinsi alivyonishika nikajua alishajua zamani.

Kisha kabati. Kioo. Mimi.

 Kuna mama alianza kulia, kisha wawili, kisha sikuhesabu. Baba mkwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mwisho watu walisimama, shemeji akalia waziwazi, na nilijivunia kijana yule kuliko ninavyoweza kuandika. Mlangoni baba mkwe akanishika bega. Akasema alisema yeye, siku ya harusi, kwamba mimi ni mtu wa kusimama nyuma ya watu. Nikasubiri. Akasema lakini hajawahi kuona mtu aliyesimama nyuma vizuri namna ile.

Nililia tena. Hakukuwa na kabati la kusingizia.

Jumapili, 25 Agosti

Nimeamka nikiwa na mipango. Nimempelekea shemeji ujumbe: filamu ijayo iwe na vioo zaidi, hasa sebuleni na kwenye gari. Hajajibu. Bado anatafakari. Fundi sauti nimemsamehe, na nimemshauri anisogezee maiki mapema safari ijayo.

Mchana nimepita kwa kinyozi kumpelekea picha yangu aibandike ukutani. Kauliza filamu inahusu nini. Nikamweleza kwa kifupi. Ni habari ya mtu mmoja aliye kwenye kioo. Kuna jamaa mwingine anasimama mbele yake, anamziba kidogo na anaongea sana, lakini ukimzoea hasumbui.