Jiwe la Nne la Mtaro wa Bhimauli

Sijawahi kumwambia mtu: hotuba za baba, Meya wa mji wetu wa Bhimauli, naziandika mimi. Shuleni nasoma kwa lugha mbili. Mbele yake sipati hata moja. Kesho waziri wa jimbo anakuja kuweka jiwe la msingi la mtaro wetu, la nne sasa, na maji machafu bado yanaingia majikoni. Basi nimeandika hii, hata makofi na kelele za watu nimezibuni:

“Mheshimiwa Waziri wa Miji wa Jimbo, Mheshimiwa Katibu wa Waziri, Mheshimiwa Mshika Mwavuli wa Katibu, waheshimiwa madiwani mliokaa na mliokosa viti, wananchi watukufu mliosimama majini! (Makofi, mama mmoja anapandisha sari hadi magotini.) Mimi, Girdhari Nishad, kwa unyenyekevu usio na mfano nchini, natangaza kwamba Bhimauli inadai kujitawala, yaani mji wenyewe upange, utoze kodi na uchimbe, kwa mujibu wa mkakati shirikishi wa ugatuzi endelevu, dai ambalo tulikwisha kuliombea kibali cha jimbo, na kibali kimetoka, ila tusidai kwa sauti. (Makofi ya chinichini.)

Wapo wanaobeza. Jana Phulmati muuza sambusa kanifokea, ‘Wee kaka Girdhari, koleo unalo, vibarua unao, chimba basi!’ Dada yangu, nikamwambia, koleo ni la mji, lakini kuinama ni mamlaka ya jimbo! (Kicheko, waziri naye anacheka, kisha anamuuliza katibu kuna nini.) Hata hivyo, utekelezaji umefikia asilimia tisini na tisa: mawe matatu ya msingi, kila moja na jina la waziri wake, yamepangwa kwa ustadi kiasi kwamba maji yakifika hapo hayana pa kupita. (Sauti: ‘Yanapita kwangu!’) La nne litaziba upenyo uliobaki.

Miji ijitawale! (Ijitawale!) Jimbo likituruhusu! (Kimya.) Nawashukuru kwa mashada ya maua, kwa nazi iliyopasuliwa kubariki jiwe, na zaidi kwa adabu yenu ya kutouliza mtaro uko wapi, maana haujawahi kuwepo hata kwenye ramani. Kilichoidhinishwa ni mawe.”

Kandambili za baba zinakuja ukumbini. Naufunika ukurasa kwa kiganja. Zinasimama mlangoni.

“Sunaina, mwanangu, hotuba ipo?”

Naondoa mkono.

“Ipo, Baba. Ila ukiisoma, kesho itabidi uchimbe.”