Koti la Izak Ukutani

Jumatatu, 3 Juni

Wamemchagua Farrel Julies. Mimi wameniacha. Maonyesho ya wasanii mashoga na maisha ya uvuvi, hapa hapa kijijini kwetu Stompbaai, ndani ya kiwanda cha zamani cha samaki, na aliyepewa nafasi ni kijana wa miaka ishirini na sita aliyetundika gauni la harusi ndani ya wavu. Nina picha arobaini na moja za mashua. Zukiswa, msimamizi aliyetoka Cape Town, alizitazama zote. Akasema zingependeza kwenye nyumba ya wageni.

Mwaka 1989 walinipiga pale gatini kwa sababu ya nilivyo. Meno mawili yakaenda. Farrel hakuwa hata amezaliwa. Mimi nilipigwa, yeye anapigiwa makofi.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwendea Zukiswa. Nikamwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba ule wavu si wa marehemu baba yake Farrel kama watu wanavyodhani. Mzee yule hakuwahi kumiliki wavu maisha yake yote. Ni wa kampuni ya samaki aliyoivulia.

Akasema anajua. Farrel mwenyewe ameyaandika hayo kwenye maelezo, na hiyo ndiyo maana ya kazi nzima. Akanishukuru kwa kuielewa vizuri kuliko watu wa magazeti.

Nimekula mkate mkavu. Sikuwa na hamu ya samaki.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefungua sanduku la chini ya kitanda. Koti la Izak lipo. La manjano, la mpira, la kuvulia samaki aina ya snuki wakati wa baridi. Kwapani limechanika, na pale nilipolishona mwenyewe uzi bado umeshika. Aliliacha kwangu mwaka 1991, alipokuwa mvuvi kwenye mashua ya Magdalena. Miaka miwili alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma. Kisha akamwoa Claudine, akawa mzee wa kanisa. Claudine alifariki mwaka juzi. Izak hupita dirishani kwangu kila asubuhi na hugusa kofia. Kwa miaka thelathini hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Nimempelekea Zukiswa koti. Alilishika mkono kama anamshika mtu. Akauliza ni la nani. Nikasema la mwanamume niliyempenda. Akauliza kama mwenyewe ameridhia.

Nikasema ndiyo. Sijui neno hilo lilitokaje, lakini lilitoka laini kabisa.

Nimo kwenye maonyesho.

Jumanne, 11 Juni

Farrel amenikuta nikipigilia msumari. Akashika ngazi bila kuombwa. Akaniambia, "Anko Virgil, nilipokuwa mdogo nilikuwa nakuona unapita dukani na skafu yako, watu wanacheka, na wewe unanunua sukari yako tu. Nikajua kumbe naweza kuishi hapa hapa."

Nimeyapekua maneno hayo nikitafuta mtego. Sikuuona. Ina maana kaufukia vizuri.

Akanipa ukuta wake, ule unaotazama mlango. Nimeuchukua kabla hajabadili mawazo. Ndipo alipoona herufi ndani ya ukosi wa koti. Akauliza polepole kama Anko Izak, baba yake wa ubatizo, anajua. Nikamwambia ashughulike na wavu wake.

Zukiswa alitaka maelezo mafupi. Nimeandika: "Koti la I.T., mashua ya Magdalena, 1991. Alilivua kwangu, hakurudi kulichukua." Herufi mbili si jina.

Jumamosi, 15 Juni

Ufunguzi. Kijiji kizima kilikuja, maana kulikuwa na chakula. Walipita mbele ya gauni la Farrel wakitikisa vichwa. Kwenye koti walisimama. Nilihesabu kumi na wanne waliosimama. Nilikuwa na furaha ambayo sijaionja tangu ujana.

Kisha Anti Sarie wa dukani akasoma maelezo kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu. "I.T. wa Magdalena? Huyu si Izak? Izak Tities?" Mumewe akamkanyaga mguu. Alikuwa amechelewa.

Izak alikuwa nyuma yake, na tai yake ya kanisani. Alikuja kumtazama mtoto wake wa ubatizo. Akasogea, akavaa miwani, akasoma mara mbili.

Akanigeukia. Akasema, si kwa ukali, "Virgil. Ungeniuliza, ningekubali."

Nikasema maonyesho yanafungwa saa kumi na mbili.

Akalitoa koti kwenye msumari, akalivaa juu ya suti. Vifungo havikufika. Akatoka hivyo hivyo, mikono ikining'inia, akipita katikati ya watu. Wageni wa Cape Town wakapiga makofi. Walidhani imepangwa. Farrel akamkimbilia nje. Mimi nilibaki kulinda ukuta wangu.

Jumatatu, 17 Juni

Gazeti limetoka. Kazi bora ya maonyesho, wanasema, ni "mvuvi mzee anayejichukulia koti lake mbele ya umma." Wanaisifu aya tatu nzima. Wameandika ni kazi ya Farrel Julies, eti kwa sababu ukuta ulikuwa wake.

Farrel alikuja kuniambia amewapigia simu wasahihishe. Akaniambia pia Anko Izak hajatoka ndani tangu Jumamosi, na wenzake wa kanisani wamemwita kikaoni kesho akajieleze. Akaniomba niende kwa Izak, hata kukaa naye tu. Nikasema nitaona, nina kazi.

Simu haitoshi. Magazeti yanataka maandishi. Nimekaa asubuhi nzima kumwandikia mhariri, kurasa mbili, na nimeeleza kila kitu: mlango wa nyuma, miaka ile miwili, koti lilivyochanika. Herufi mbili nazo ziliwachanganya. Kwa hiyo safari hii nimeandika jina lake lote, Izak Johannes Tities, na mtaa anaokaa, wasije wakakosea tena.