Kipa wa Kukodi

Kinanda alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa mashavuni, alipomsikia tajiri wa duka la vifaa vya ujenzi akitamba kwenye benchi la wanaosubiri. Tajiri huyo alikuwa mwenyekiti wa mashabiki wa timu ya mtaa. Timu yenyewe siku hizi ilifungwa hata kwenye mechi za kirafiki, kwa hiyo mashabiki wake waliishi kwa kucheua ushindi wa zamani.

"Ukuta?" mwenyekiti alikuwa akisema. "Yule kipa alikuwa akila kwangu! Mke wangu ndiye aliyempikia. Mimi na Ukuta tulikuwa damdam."

Kinanda aliitwa hivyo kwa sababu ya mdomo wake: ukimgusa popote, anatoa sauti tamu. Hapo hapo akili ikamcheza. Ukuta hakuwahi kuonekana mtaani tangu timu ilipochukua kombe lake la kwanza na la mwisho. Picha zake zilibaki kwenye magazeti yaliyofifia, uso kama doa la chai. Na mtu anayejigamba kumjua mtu asiyemjua, utamfunga kamba shingoni na atakufuata.

"Samahani, mwenyekiti," akasema. "Nimekutafuta sana. Mimi ndiye wakala wa Ukuta. Kila tukikaa ananiuliza, 'Yule rafiki yangu wa vifaa vya ujenzi bado yupo?'"

Benchi zima likamgeukia mwenyekiti. Akaketi vizuri, akatoa kifua mbele.

"Kumbe hajanisahau!" akasema. "Nilijua tu."

Kinanda hajamaliza kunyolewa, na jioni ya kuwaenzi magwiji wa kombe lile ilishapangwa: ukumbi utalipiwa na mwenyekiti, kiingilio kitakusanywa na wakala.

Zikabaki kazi ndogo ndogo, kama vile kupata magwiji. Kipa akawa fundi magodoro mmoja, jitu la miraba minne lenye viganja kama makoleo, ambalo mpira liliutazama tu wakati umeme wa kuchambulia pamba umekatika. Winga akawa shemeji yake Kinanda, kaka wa mke wake, aliyechechemea tangu alipoanguka kwenye ngazi ya jirani kwa sababu ambazo familia haikupenda kuzitaja. Sasa lilikuwa jeraha la fainali.

"Wakiniuliza mambo ya mechi?" fundi akauliza.

"Muulize anayekuuliza: 'Kwani wewe ulikuwepo?' Atasema alikuwepo. Mwambie asimulie. Wewe tikisa kichwa tu, kwa uchungu."

"Na mimi napata nini?"

"Sahani ya wali na nauli."

Fundi alimtazama kidogo, akakubali. Kinanda, aliyezoea kusoma nyuso za watu, uso huo hakuusoma. Alidhani mtu anayejaza pamba kwenye magodoro amejaza na kichwani.

Jioni ilipofika ukumbi ulifurika. Fundi alipoingia, wanaume wazima walilia. Mwenyekiti alimrukia shingoni. "Umenenepa, ndugu yangu!"

"Na wewe umezeeka," fundi akajibu, na ukumbi ukaangua kicheko cha mapenzi.

Maswali yakaanza. Mzee mwenye viti vya kukodi, ambaye ndiye aliyeleta viti vya jioni hiyo, alisimama wa kwanza.

"Ile penalti ya fainali. Ulijuaje upande?"

"Kwani mzee, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo!"

"Basi waambie hawa watoto."

Mzee akapewa maikrofoni, akaicheza penalti yote kwa mdomo, pamoja na upepo. Fundi akatikisa kichwa kwa uchungu. Wakapiga makofi mpaka vumbi likatoka darini.

Kisha ukaja mnada wa glavu za fainali. Kinanda alikuwa amezinunua juzi, glavu za kubebea matofali, akazisugua kwa udongo na mafuta machafu. Alizinunua wapi? Kwenye duka la mwenyekiti. Na mwenyekiti ndiye aliyewashinda wote kwa dau, akazivuta puani na kufumba macho.

"Jasho la ubingwa," akanong'ona.

Mkoba wa Kinanda sasa ulikuwa umevimba. Alikuwa keshausogeza karibu na mlango wa nyuma fundi alipoomba neno la kuaga.

"Ndugu zangu," fundi akaanza, na chozi likamtoka, chozi la kweli kabisa la mtu aliyefikiria sahani ya wali. "Sisi tuliwapa kombe. Lakini tunaliwa na mawakala. Fedha zenu za leo ziko kwenye mkoba ule pale mlangoni. Muulizeni wakala wangu mimi nitapata nini."

Ukumbi ukageuka. Mwenyekiti akaunyakua mkoba.

"Jamani, mnatapeliwa!" Kinanda akapiga kelele. "Huyu si Ukuta! Huyu ni fundi magodoro!"

Mwenyekiti akamsogelea taratibu.

"Unataka kusema mimi simjui mtu aliyekula nyumbani kwangu?"

"Shemeji, waambie!" Kinanda akalia.

Winga akachechemea hatua moja mbele, akamkagua juu mpaka chini. "Huyu bwana simfahamu. Shemeji yangu hana tabia ya kuwakana magwiji."

Walimtupa kando kama ganda la ndizi. Magwiji wakasindikizwa kwa nyimbo hadi kwenye gari la mwenyekiti, mkoba mapajani pa kipa, na dereva akaamriwa awafikishe popote watakapo. Walitaka mbali.

Ukumbini alibaki Kinanda na mzee wa viti.

"Mzee," akasema, "wewe uliyekuwepo, hukuona kwamba si yeye?"

"Niliona alipoingia tu. Ukuta alikuwa mfupi, alinifika hapa begani. Tena hakuwahi kula kwa mtu, alikuwa na vidonda vya tumbo."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Kijana, kila nikianza kuisimulia ile penalti watu wananihama. Leo nimepewa maikrofoni. Nikajiharibie?"

Akalivua koti la Kinanda mabegani, akalikunja kwapani. "Hili linakaa kwangu mpaka kodi ya viti ilipwe. Anza kupanga, safu ile. Sasa, refa anapuliza filimbi, si unaona? Upepo unatoka kushoto..."