Nyayo za Kijani Zinazoipita Lifti Yangu

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Ghorofa ya saba, mlango wenye zulia.

Shikamoo siwezi kukupa kwa sababu nakuzidi umri, lakini heshima yako iko palepale.

Mimi ni mwendesha lifti wa jengo hili, yule mnayemwita Babu Juu-Chini. Nina miaka sabini na miwili. Ile iliyoandikwa kwenye faili tuiache ilivyo. Nimezika lifti mbili, hii ni ya tatu. Nimewaona wakurugenzi sita wakipanda na nimewaona wakishuka, na wa mwisho alishuka na mto wa kiti chake kwapani. Daktari aliyesema moyo wangu hautavuka mwaka, nilienda mazikoni kwake. Shule niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka na neno gumu silikimbii.

Nakuandikia kuhusu yule binti mtaalamu uliyemleta miezi miwili iliyopita, aliyesomea tabia za watu. Sina ugomvi naye. Ana adabu, kila asubuhi ananiamkia kabla hajaanza kunimaliza. Sayansi yake, kama nilivyoielewa, ni kumsukuma mtu bila kumgusa, mpaka adhani amekwenda mwenyewe. Mimi nimesukumwa hadi ukutani na kidole sijakiona. Malalamiko nimeyapanga kwa namba ili usichoke.

1. Nyayo. Binti amechora nyayo za kijani sakafuni kuanzia mlango mkubwa. Zinakuja vizuri mpaka mbele ya lifti yangu, halafu zinakata kona kama mtu aliyenusa kitu, zinakwenda ngazini. Watu wazima, wenye miwani na mikoba, wanazifuata. Wale wahasibu wawili niliowabeba miaka tisa wananipita wameinamisha vichwa, mguu kijani, mguu kijani. Mtunza ghala, ambaye najua hadi majina ya wakwe zake, hajanisemesha wiki ya tano hii. Mimi sina haja ya kuonyeshwa pa kuweka mguu. Nilianza kutembea kabla rangi hiyo haijatengenezwa.

2. Tangazo. Kando ya mlango wangu amebandika karatasi: "Wenzako tisa kati ya kumi wamepanda ngazi leo. Wewe je?" Nililisoma saa moja na nusu asubuhi, na watu waliokuwa wameingia jengoni walikuwa wanne, mmoja wao paka. Nikamuuliza hao tisa wametoka wapi. Akasema ni hesabu ya jana. Basi nikaona niijaribu sayansi hiyo nyumbani kwangu, maana shemeji yangu amekaa na toroli langu mwaka wa pili. Nikamwandikia ujumbe kwamba mashemeji tisa kati ya kumi hurudisha matoroli. Akanijibu, "Basi mimi ndiye yule wa kumi." Toroli bado liko kwake. Hiyo ndiyo sayansi mnayoitegemea.

Kama ni kuhesabu, hata mimi najua. Watu kumi kati ya kumi waliokwisha kufa waliwahi kupanda ngazi. Mbona hilo halikubandikwa?

3. Macho. Juu ya vitufe vyangu amebandika picha ya macho mawili, bila pua. Anasema mtu akitazamwa hujirekebisha. Mimi nina kitu gani cha kurekebisha? Siku ya kwanza niliyafunika kwa koti. Siku ya pili nikayaonea huruma. Sasa, kwa kuwa abiria hakuna, nimeshayasimulia ujana wangu wote, na yananisikiliza kuliko wanangu.

4. Mlango. Fundi ameambiwa aucheleweshe mlango makusudi. Zamani ulifunga nikihesabu saba, leo ni ishirini na sita. Mtu anaingia, tunasalimiana, tunaulizana habari za nyumbani, habari zinakwisha, mlango uko wazi unatutazama. Mhasibu mmoja alivumilia mpaka kumi na tisa. Akaniomba radhi, akatoka, akafuata nyayo.

5. La tano lilikuwa kali kuliko yote lakini nimelisahau. Likinijia nitakuletea.

6. Fomu. Hapa ndipo roho yangu ilipo. Nimepewa fomu yenye viboksi viwili: nihamie mapokezi, au nihamie getini. Cha tatu, cha kubaki kwenye lifti, hakimo. Na kile cha getini kimekuja na tiki tayari. Chini imeandikwa kwamba nisipoirudisha kabla ya saa nne Ijumaa, nitahesabiwa nimekubali. Tena fomu imeambatana na kijibarua kifupi, kizuri, chenye jina langu, kinachonishukuru kwa ushirikiano wangu. Nimeshukuriwa kwa jambo ambalo sijalifanya. Na tangu lini kimya kikawa ndiyo? Marehemu mke wangu alikaa kimya miaka thelathini na hakukubaliana nami hata siku moja.

Getini nitafanya nini, Ndugu Mkurugenzi? Getini watu wanapita. Kwenye lifti walikuwa wanasimama.

7. Sayansi hii nilikuwa nayo kabla binti hajazaliwa, na sikuchora sakafu ya mtu. Wakiingia wawili wanaogombana, nilikuwa namwomba mmoja anishikie kikombe changu cha chai. Mtu aliyeshika chai ya moto ya mwenzake hawezi kupiga kelele, anaogopa kuimwaga. Tukifika ghorofa ya nne wameshapoa, chai bado.

Na kuna mtu mmoja, miaka kumi na moja iliyopita. Alikuwa karani wa ghorofa ya pili. Aliingia na bahasha nyeupe, macho mekundu, akasema apelekwe kwa mkurugenzi. Bahasha za kuacha kazi nazijua, hushikwa kwa mikono miwili. Nikampitiliza hadi ya nane. Nikamshusha hadi chini. Nikamwambia mashine leo ina kichaa, anisamehe. Safari ya nne akaitia bahasha mfukoni, akaomba ashukie ya pili, kwenye meza yake. Leo mtu huyo yuko ghorofa ya saba na mlango wake una zulia. Simtaji.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, tena upesi. Nyayo zigeuzwe ziingie ndani ya lifti. Tangazo lihamishiwe kwa shemeji yangu. Ngazi zifungwe kwa minyororo kuanzia ghorofa ya kwanza. Ikishindikana, zibomolewe. Na binti apande nami lifti siku arobaini, ili ajue tabia za watu ni nini. Goti langu la kushoto halijakanyaga ngazi tangu lifti ya kwanza, na halitakanyaga mpaka nakufa.

Nisalimie katibu wako, watu wa nyumbani kwako na fundi wa mlango, ingawa amenikosea. Wa kwangu hawajambo. Macho pia yanakusalimu.

Ni mimi mtumishi wako,
Babu Juu-Chini

Nyongeza: Leo ni Ijumaa. Nilikuwa nimesimama ndani ya lifti na barua hii mkononi, nasubiri mlango ufunge nikuletee. Nilipofika ishirini na mbili nikatazama chini, nikakuta kiatu changu cha kulia kiko juu ya unyayo wa kulia, nami niko mbali na lifti. Sijui nilitokaje.

Nikasema nifike ya kwanza tu nione. Ghorofa ya tatu nikawakuta wahasibu na mtunza ghala wamekaa kwenye ngazi, wanahema na kucheka. Mtunza ghala akasimama akanipisha. Akasema, "Babu, sisi tulidhani umetununia." Wiki tano walikuwa wananipita kwa aibu, na mimi ndani nawanunia kwa kudhani wamenitupa.

Ya nne kulikuwa na bibi mmoja wa masjala, peke yake, bahasha kaishika kwa mikono miwili. Nikamwomba anishikie barua hii nipumzishe goti. Tukakaa. Ngazi haina haja ya kusingizia kichaa, yenyewe ni ya polepole. Amesharudi mezani kwake.

Basi futa namba moja hadi saba. Nyayo ziachwe, ila baada ya ghorofa ya tano zisogezwe karibukaribu, hatua ya binti ni ndefu. Kwenye fomu nimekata tiki ya getini, nikachora kiboksi changu, nikaandika: stuli yangu ihamie ngazini, ghorofa ya nne. Tiki nimeshaitia. Asante kwa kukubali kwako. Usiponijibu hadi Jumatatu saa nne, nitajua umekubali.

Kwamba nimepanda mwenyewe bila kushikwa mkono, atakushuhudia mfagiaji wa ngazi, aliyeinua ufagio nipite. Na binti mwenyewe, aliyekuwa ghorofa ya sita na daftari lake, ameniandika kati ya wale tisa. Wa kumi nimemtajia: ni shemeji yangu.