Hisa za Kilima cha Miti

Siku redio iliposema bei ya dhahabu imepanda tena, Adalbert alikuwa ameketi mbele ya duka la vitambaa la Maman Virginie, pale Kadutu mjini Bukavu, akiwaza jambo moja tu: ng'ombe. Baba yake Priscille hakutaka kusikia habari ya ndoa kabla ya kuona ng'ombe wa mahari, na mfuko wa Adalbert ulikuwa mtupu. Akawatazama wafanyabiashara walivyotega masikio redioni, na papo hapo akaanzisha kampuni. Ofisi yake ilikuwa koti alilovaa.

"Iko société junior, Maman," akaeleza, akionyesha picha ya kilima aliyoipiga kijijini Miti kutoka dirisha la gari. "Haiyachimba kitu bado. Njo maana aksio yake, hisa, iko bei ya chini. Minister akisaini permis ya kuchimba, inapanda mara kumi."

"Na akikatala?"

"Minister akianguka, tunaanguka naye. Ile banaita risque politique, hatari ya siasa. Sipendi kukudanganya."

Uaminifu wa namna hiyo haujawahi kuonekana mjini. Maman Virginie akanunua, wenzake wa chama cha likelemba wakatoa akiba yao ya zamu, na Papa Edouard, mwalimu mstaafu, akanunua mara mbili kwa sababu alikielewa Kifaransa chote. Adalbert hakuwa na wasiwasi. Mawaziri huanguka, na sisi watu wa Bukavu tumezoea kuliwa na siasa, hatuombi hata risiti.

Waziri akaanguka kweli. Adalbert, ambaye ng'ombe wake mnene wa mahari alikuwa tayari anakula majani, akaja dukani na uso wa msibani.

"Maman, politique imetukula."

"Pole, mutoto wangu," akajibu Maman Virginie, akikunja kitenge bila haraka. "Lakini kuko mukubwa moja ametoka Kinshasa. Minister mupya iko shemeji yake. Anataka kununua société yote, mara kumi. Anauliza tu kama kilima iko na kalinzi."

Kalinzi ni desturi ya Bushi, nchi ya Washi: unampa chifu ng'ombe, naye anakupa haki ya ardhi. Adalbert alijua kuliko mtu yeyote kwamba kampuni haipo. Lakini mara kumi! Njiani akaifungua ile picha, akaikuza kwa vidole, akaona kilima kinang'aa kidogo upande wa juu. Maskini, alikuwa ameeleza vizuri mno hata akajiamini mwenyewe.

Kesho yake akamkabidhi Maman Virginie ng'ombe, ampelekee chifu.

"Dimanche, kisha misa, kuja kusaini," akaambiwa.

Jumapili akafika nyumbani kwa Maman Virginie na tai shingoni. Uani kulikuwa na moshi, na wenye hisa wote wamekaa kwenye viti vya plastiki, wakitafuna. Mkubwa wa Kinshasa hakuwepo, wala hakuna aliyemuulizia. Papa Edouard akasimama kwa heshima, akampa sahani.

"Monsieur le directeur, dividende yako, faida ya aksio. Shiye tumekwisha pata."

Angepiga kelele, ingebidi aeleze ng'ombe alinunuliwa kwa pesa ya nani. Akaketi, akala. Nyama ilikuwa laini, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana ng'ombe alimchagua mwenyewe.

Simu ikalia. Ni Priscille.

"Chéri, papa yangu anauliza, ng'ombe imefika wapi?"

Adalbert akautazama mfupa sahanini.

"Umwambie imekwisha fika mujini," akasema, "na batu wote bameipokea muzuri."